Anayelibeba Daraja la Lutulole

Fuso la mpunga lilipanda mgongoni mwa Injinia Eugenia Rwehumbiza wakati wa chai ya saa nne, akiwa ameshika kikombe mkono mmoja na kipande cha chapati mkono wa pili. Aliirudisha chapati kwenye sahani. Aliweka kikombe mezani. Kisha akashika ukingo wa meza, akainamisha kichwa, na ofisi nzima ya Jiwetatu, kampuni ya washauri wa uhandisi iliyopanga ghorofa ya tatu karibu na kivuko cha Kamanga jijini Mwanza, ikanyamaza kumsubiri.

"Limezidisha mzigo?" aliuliza Mihayo, mkurugenzi wa ufundi, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Limezidisha sana," alisema Eugenia. "Sasa ndiyo yanapanda magurudumu ya nyuma."

Mhasibu alimtilia sukari kwenye chai ili asihangaike baadaye. Fuso lilipomaliza kuvuka mto Lutulole, kule Magu, mbali kabisa na hapo walipokuwa wakinywa chai, Eugenia alivuta pumzi, akazungusha mabega, akamalizia chapati yake iliyokwisha kupoa. Kikao kikaendelea na mjadala wa vigae vya choo.

Pale ofisini kila mtu alijua kwamba Eugenia amebeba daraja. Walilijua hilo kama walivyojua kwamba Mihayo ana kisukari na kwamba lifti haifanyi kazi. Siku za mwanzo walikuwa wanamletea maji na kumpepea. Siku hizi walinyamaza tu, na hata huko kunyamaza kulikuwa kunapungua muda.

Daraja lenyewe alikuwa amelichora yeye. Miaka yote tangu atoke chuoni alikuwa amepewa kazi za kupima viwanja vya watu na kuandika ripoti za miradi ya wengine, hadi akaanza kuamini kwamba uhandisi ni kazi ya kugonga mihuri. Lutulole ndiyo kazi ya kwanza aliyoianza kwenye karatasi tupu. Alikwenda mwenyewe kuutazama mto ukiwa umekauka, akaenda tena ukiwa umefurika, akawauliza wenyeji maji hufika wapi mwaka wa mvua mbaya. Alichora akifuta, akifuta akichora. Alipomaliza alijisikia mtu, na hakuona aibu kusema hivyo.

Siku ya kumwaga zege alifika mapema na tepu yake, akaingia kati ya mbao, akazipima nondo, akakuta si zake. Mchoro ulitaka nondo za milimita ishirini. Zilizofungwa pale zilikuwa za kumi na mbili, tena zimeachana kama meno ya bibi kizee.

Mkandarasi, Venant, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, anakula muhogo wa kukaanga.

"Injinia, nondo ni nondo," alisema. "Zikishafunikwa na zege, nani atazipima?"

"Mimi nimeshazipima. Zangu ziko wapi?"

"Ziko stoo. Zimepumzika."

Eugenia alimpigia simu Mihayo. Mihayo alimwambia kwamba mvua ziko mlangoni, kwamba mgeni rasmi ameshapangiwa tarehe, na kwamba tangu Jiwetatu ianzishwe haijawahi kumrudisha mkandarasi nyuma kwa sababu ya unene wa chuma. Bado alikuwa anaongea pale Venant alipoinua mkono wenye muhogo, na mashine ya zege ikaanza kuzunguka.

Eugenia aliitupa simu, akapanda juu ya nondo, akashika moja kwa mikono yake na kuivuta. Waya wa kufungia ukamchana kiganja. Mfukoni alikuwa na kahawa ya kutafuna aliyotumiwa na mama yake kutoka Muleba, ile inayochemshwa na majani kisha ikaanikwa, ambayo Wahaya humpa mgeni kabla ya maneno. Akikasirika alikuwa anatafuna kahawa, kama wengine wanavyovuta sigara. Alipasua tunda moja kwa meno. Ndani mlikuwa na buni mbili, kama ilivyo kwa kila tunda la kahawa. Moja ilimponyoka ikiwa imeloa damu ya kiganja, ikazama kwenye zege bichi. Ya pili aliitia mdomoni kwa vidole vilivyojaa uji wa saruji, akaimeza nzima nzima kwa sababu alikuwa bado anapiga kelele. Mafundi waliendelea kumwaga. Walikuwa wanaimba.

Siku ya uzinduzi Eugenia hakualikwa. Alikuwa nyumbani kwake Buhongwa, anafua, alipohisi kitu kizito kikimpanda chini ya shingo na kumshukia kiunoni. Lilikuwa gari la mgeni rasmi. Baada ya hapo ikaja miguu mitupu, midogo, mingi, inayokimbia. Aliacha nguo kwenye beseni, akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Kuna watu wananipita mgongoni."

Mama yake, Kokulinda, alizima redio. "Ile kahawa niliyokutumia, umekula na nani?"

Eugenia alimweleza habari ya waya, ya damu na ya saruji.

"Damu yako imeenda kwa daraja, saruji yake imekuja kwako, na buni ni za tunda moja," alisema Kokulinda. "Basi mmechanjiana udugu wa damu. Watu wa kwetu walikuwa wanachanjiana na marafiki, siyo na vitu vya serikali, lakini imeshakuwa. Huyo sasa ni ndugu yako. Akielemewa utamsaidia kubeba. Siku ukinyoosha mgongo ukamkataa, ataanguka." Kisha akauliza kama huko Mwanza ndizi nzuri za kupika zinapatikana, au bado wanauziwa zile za maji.

Ni haki kusema kwamba mwanzoni Eugenia alifurahi, tena alifurahi sana. Hakuna chuo kinachomfundisha mhandisi nini kinatokea kwa kazi yake baada ya utepe kukatwa, na yeye alikuwa anajua kila kitu. Alijua saa wanawake wanapotoka shambani na ndoo kichwani. Alijua ng'ombe waliokwenda kunywa maji na waliorudi wameshiba. Siku kikundi cha ngoma kilipovuka kwenda kwenye sherehe Bujora, wachezaji walishindwa kujizuia wakaanza kucheza hapo hapo darajani, na Eugenia, aliyekuwa kwenye foleni ya benki, alisikia ngoma nzima kwenye uti wa mgongo akacheka peke yake. Mlinzi alimwambia asogee mbele.

Lakini kuna wanaopita kwa miguu na kuna wanaopita na tani za mpunga. Nondo za kumi na mbili zilikuwa zinafanya kazi ya nondo za ishirini, na pale ziliposhindwa, palipobaki alipabeba Eugenia. Mwaka wa pili alianza kutembea amepinda. Mwaka wa tatu hakuweza kulala chali.

Mwaka huo huo kampuni ilileta mwezeshaji kutoka Dar es Salaam kuja kuwafundisha wafanyakazi kuridhika na kazi. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye koti la bluu, na aliwafanya wote wasimame wapigiane makofi. Halafu akauliza nani anaweza kutaja jambo moja katika kazi yake linalompa raha ya moyo.

"Asubuhi, watoto wanapovuka kwenda shule," alisema Eugenia. "Wananipita mgongoni, na najua hakuna aliyelowa."

Mwezeshaji alifurahi mno. Aliomba apigiwe makofi ya kilo.

"Ila nondo zimeibwa," alisema Eugenia. "Daraja linatakiwa lifungwe, litengenezwe, na aliyeiba ashitakiwe."

"Tubaki kwenye yale mazuri, dada yangu," alisema mwezeshaji, na akampa kalamu yenye nembo ya kampuni yake.

Eugenia alikwenda hospitali kupiga eksirei. Daktari aliibandika picha kwenye taa, akaisogelea, akairudia. Alikuwa amejenga nyumba yake mwenyewe Nyegezi, chumba kwa chumba, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba zile ni nondo.

"Hizi ni za kumi na mbili," alisema, akigusa mistari iliyolala ndani ya uti wa mgongo. "Na zimefungwa mbali mbali. Fundi wako alikuwa mwizi. Hapa katikati pameshaanza kupasuka." Alimwandikia dawa za maumivu na kumshauri asinyanyue vitu vizito.

Kesho yake Eugenia aliipeleka picha kwa Mihayo. Mihayo aliiinua dirishani ili apate mwanga, na ziwa likaonekana nyuma ya mbavu za Eugenia. Hakuwa mjinga, Mihayo. Hilo ndilo lililomuudhi Eugenia kuliko yote. Mjinga angemsamehe.

"Ufa uko katikati, upande wa chini," alisema Mihayo. "Ndipo penyewe." Alichukua penseli, akapiga hesabu pembeni ya gazeti. "Kwa nondo hizi lilitakiwa kuanguka masika ya kwanza."

"Ndiyo."

"Halijaanguka."

"Kwa sababu nalibeba mimi."

Mihayo aliilaza penseli. Uso wake ulionekana kupata nafuu. "Sasa Eugenia, tatizo liko wapi?"

Eugenia aliinyakua picha yake.

"Fikiria kama mhandisi," Mihayo aliendelea, kwa upole. "Nikisema daraja lina kasoro, nitaulizwa kwa nini limesimama. Nijibu nini? Niseme kuna mwanamke kalibeba? Na nikisema hivyo, wataniuliza, huyo mwanamke ameacha kazi? Hajaacha. Kachoka? Anakunywa dawa. Basi. Daraja lako ni zima, wananchi wanavuka. Wengine tumefanya kazi hii mpaka mvi hizi na hatujui kama tuna faida kwa mtu yeyote. Wewe unajua. Una raha ambayo mimi sina."

"Mihayo, wewe uliniambia wamwage."

"Na wewe umelishikilia. Tumesaidiana."

Wiki hiyo alinunuliwa kiti kizuri chenye mgongo mrefu. Likizo yake ya kwenda Muleba ilifutwa, kwa maelezo kwamba Kagera ni mbali na hakuna aliyefanya utafiti kujua mgongo wake unalifikia daraja kutoka umbali gani. Venant naye, aliposikia, alimtumia godoro jipya kwa bodaboda, likiwa bado ndani ya nailoni yake, pamoja na salamu za pole. Eugenia alilitazama godoro hilo kutwa nzima kwa chuki. Jioni akalilalia, kwa kuwa mgongo ulikuwa unauma.

Akiwa amelala hapo ndipo alipokata shauri. Angelitua daraja. Angesubiri hadi liwe tupu, asiwepo mtu wala mnyama, kisha anyooke, lianguke mtoni peke yake, na Mihayo na Venant watafute la kusema mbele ya watu.

Alijaribu akiwa nyumbani. Alisimama katikati ya chumba, akasikiliza, kukawa kimya, akaanza kunyoosha mgongo taratibu. Ng'ombe akakanyaga. Alisubiri ng'ombe apite, akapita na mwenye ng'ombe, na nyuma yake mwanamke mjamzito. Ujauzito wake Eugenia aliujua kwa jinsi alivyoweka visigino. Alijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Watu wa Lutulole hawakumpa hata nafasi ya kunyooka. Walikuwa wamesubiri daraja hilo tangu enzi za mababu zao, na sasa walikuwa wanalitumia.

Basi akaenda Magu mwenyewe kulifunga. Alivingirisha mawe makubwa akayapanga upande mmoja wa daraja, akavuka, akaanza kuyapanga upande wa pili. Kutembea juu ya mgongo wake mwenyewe kulimtia kizunguzungu kidogo. Mwanamke mmoja mtu mzima, jina lake Dorotea, alikuja na beseni la mpunga kichwani akasimama kumtazama.

"Shikamoo mama," alisema Eugenia.

"Marahaba, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Unafunga njia?"

"Nafunga daraja. Nataka lianguke likiwa tupu."

Dorotea aliliangalia daraja, halafu akamwangalia Eugenia na jinsi alivyopinda. "Kumbe ni wewe unalibeba."

"Ni mimi."

"Nilimwambia mume wangu. Nilisema lile daraja lina mtu, zege peke yake haliwezi. Pole sana." Aliteremsha beseni. "Sasa likianguka, watajenga lingine lini?"

Eugenia alijua njia yote ambayo daraja hupitia kabla halijawa daraja, kikao baada ya kikao, sahihi juu ya sahihi. "Sijui, mama."

"Mimi najua. Kabla ya hili tulivuka kwa kamba. Mtoto wangu Tereza alitoka hapa kwenda shule, mto umejaa. Tulimkuta kwenye majaruba ya mpunga, maji yalipopungua." Alilisema hilo kama mtu anayeelekeza duka lilipo. "Lakini yuko mdogo wake. Anapita hapa kila siku ya shule. Unamjua?"

Eugenia alifikiri. "Anaruka ruka. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo."

"Huyo huyo," alisema Dorotea, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Alizaliwa nao hivyo."

Kwa dakika chache Eugenia alimchukia na huyo mama, kwa sababu alikuwa na haki. Kisha akainama akaanza kuyaondoa mawe. Dorotea alimsaidia. Walipomaliza walikaa ukingoni wakapumzika, wakapeana namba za simu.

"Tutatembea taratibu," Dorotea alimwahidi. "Nitawaambia wote."

Na kweli aliwaambia. Tangu siku hiyo watu wa Lutulole walivuka wamevua viatu. Wenye baiskeli walishuka wakazikokota. Wachungaji waliwagawa ng'ombe makundi madogo madogo, na wazee, wakifika katikati, walisema pole, mayu, kwa sauti ya chini, halafu wakaendelea na safari. Mafuso yaliendelea kupita kama kawaida.

Eugenia alirudi Mwanza na hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Alikwenda nayo ofisini, akarudi nayo nyumbani. Aliandika barua kwa kila mwenye cheo anayehusika na madaraja. Aliyejibu alikuwa mmoja tu, na alimpongeza kwa uzalendo.

Mwisho wa mwezi alikuwa sokoni Buhongwa, ameinamia fungu la nyanya, kitu kilipomkanyaga. Kilikuwa lori, lakini hakukuwa na mpunga humo. Mzigo wa mpunga hutulia na kusambaa. Huu ulikuwa mrefu, umenyooka, unagongana wenyewe kwa wenyewe kila gurudumu linapodunda, na kila mgongano ulimwingia kwenye ufa. Eugenia alikuwa mhandisi. Chuma alikijua. Alifumba macho, akakisikiliza jinsi kinavyolala, na kabla magurudumu ya nyuma hayajapanda alishajua unene wake.

Simu ikaita. Alikuwa Dorotea.

"Injinia, unasikia hilo lori?"

"Nalisikia. Ni nondo. Ni za ishirini."

"Ni za Venant. Anajenga gesti ya ghorofa huku kwetu, upande wa pili. Zimekaa stoo mpaka zimeota kutu. Tumemwomba dereva ashushe nusu, avushe kidogo kidogo. Amekataa. Sasa hivi karuka nje, anasema daraja linalia, gari limebaki linajiendea lenyewe taratibu."

Lori lilikuwa halina mtu. Daraja lilikuwa halina mtu. Eugenia aliachia nyanya iliyokuwa mkononi mwake akaanza kunyooka. Mifupa ilikuwa inasema, na yeye hakujali. Aliziona nondo hizo zikizama kwenye tope la Lutulole, moja moja, mbele ya macho ya watu wote, kila mtu akiziona na kuziuliza zimetoka wapi. Alikuwa na furaha ya ajabu. Alinyooka hadi akamwona muuza nyanya uso kwa uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu.

Ndipo akahisi mwishoni kabisa, chini ya shingo, mguu mtupu. Ukaruka, ukatua. Wa kushoto ukaburuta.

"Mama Dorotea, mrudishe mtoto!"

"Ameshapanda," alisema Dorotea. "Anataka kuliona lori. Injinia. Injinia, tafadhali."

Eugenia aliinama. Alishika meza ya nyanya kwa mikono miwili, akauma meno, akazibeba nondo zote za daraja lake kutoka upande mmoja wa Lutulole hadi upande wa pili. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira tupu. Muuza nyanya alimsubiri, akafukuza nzi, akamwekea fungu lake pembeni lisije likachukuliwa na mteja mwingine. Lori lilishuka. Mtoto alishuka nyuma yake akirukaruka.

"Limevuka," alisema Dorotea. "Mungu akubariki, mayu. Mtoto ninaye hapa." Palikuwa na kelele, watu walikuwa wanamgombeza dereva. "Dereva anasema kesho analeta zilizobaki."

"Saa ngapi?" aliuliza Eugenia.